Mlio Uliobaki Betri Ilipong'olewa

Olasiti, Arusha

Kwako mke wangu, Mama Salma,

Assalaam alaykum. Mama mkwe anaendeleaje? Nimesikia ametoka hospitali, anakunywa uji na ameanza kugomba watu, na hiyo ya kugomba ndiyo iliyonipa faraja zaidi. Salma anaenda shule? Yasini ameacha kula udongo? Mikorosho imeanza kutoa maua au bado? Kwa desturi hapa ningeandika kwamba na mimi ni mzima, hofu kwenu tu. Sentensi hiyo niliiandika nikaikata, kwa sababu mimi si mzima, na hilo ndilo hasa nililokaa kukueleza.

Najua umekasirika. Kaka yako Rashidi amenisimulia yote, na unamjua, hapunguzi hata chumvi. Amesema unalalamika kwamba akipiga yeye napokea na kucheka, ukipiga wewe simu inaita mpaka inakata. Kwamba uliponiambia mama yako amelazwa nilikujibu "vizuri sana". Kwamba mdogo wangu Somoe ameshatangaza kisimani kuwa nimeoa Mchaga. Na kwamba umeapa: msimu wa korosho ukianza kabla sijakueleza kwa kinywa changu kinachoendelea, unawachukua watoto unarudi kwa wazazi wako, na nisikufuate.

Mama Salma, mke wa Kichaga sina. Mchaga gani atanitaka mimi, mtu ambaye mpaka leo nikimenya ndizi utomvu unafika kwenye nyusi? Jambo lenyewe ni hili, na naliandika wazi ili nisipate nafasi ya kulizunguka. Masikio yangu yanaharibika. Sauti nyembamba sizipati tena vizuri, na ndani ya kichwa kuna mlio usiozimika, mchana na usiku. Sauti ya Rashidi ni nzito, hata kwenye simu inanifikia. Yako ni nyembamba, ile ile niliyoipenda siku uliponitukana kwa kumwaga ndoo yako ya maji, na ndiyo iliyotangulia kupotea. Ukipiga nasikia kwamba kuna mtu anazungumza, lakini maneno hayafiki. Naona aibu kusema rudia, rudia, rudia. Basi nasema sawa, nasema vizuri. Ndivyo mama yako alivyolazwa nikafurahi, na baadaye Rashidi aliponieleza nilitamani ardhi ipasuke.

Utauliza kwa nini sikuandika meseji. Simu unayotumia ni ya nyumba nzima. Sitaki habari ya masikio yangu isomwe na kila anayeishika kutafuta namba ya wakala.

Unisamehe na mwandiko, maana naandika nikihamahama. Nimeanza kwenye benchi la gereji, baridi ikanifukuza, nikaenda kwa mama ntilie, wateja wakawa wananichungulia, sasa niko ndani ya gari la mtu. Siku hizi sikai mahali. Nikikaa mahali pakiwa kimya mlio unakuwa mkubwa, nikienda penye kelele nakumbuka niliyoambiwa hospitali, basi nazunguka. Mlima Meru hatujauona wiki nzima, umejifunika ukungu mpaka chini, na watu wa hapa wanasema ndiyo hali yake ya mwezi huu, kana kwamba wamenifariji.

Sasa nikueleze nilivyogundua, maana si mimi niliyegundua.

Unajua kwamba hapa kwa Mzee Massawe kazi yangu ni redio za magari na spika. Ila sidhani kama niliwahi kukuambia ni ugonjwa gani wa magari ulionipa jina. Gari linaweza kupiga muziki safi kabisa injini ikiwa imezimwa. Ukiwasha tu, unatokea mlio mwembamba kwenye spika, wiii, ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka. Ni umeme wa injini umepata upenyo wa kuingia kwenye muziki. Mafundi wengi wanauficha: wanamuuzia mtu kidude cha kuchuja, anaondoka, baada ya muda mlio unarudi. Mimi Mzee Massawe alinifundisha kuutafuta. Unapunguza sauti, unasikiliza kama mlio nao unapungua. Ukipungua, umeingia huku kwenye redio. Usipopungua, umeingia baada ya redio, kwenye amplifaya, ile mashine inayokuza sauti. Unachomoa waya mmoja, unasikiliza. Unarudisha, unachomoa mwingine. "Tenga, usibahatishe," ndilo neno lake, analisema mpaka akiwa anakula. Watu wakawa wanatoka mpaka Ngaramtoni kuja kumuuliza fundi wa mlio. Ndiyo sababu mzee alipanga chumba kule Engutoto cha redio za magari tu, akasema nitakiendesha mimi. Ndipo nilipokuambia ujiandae, nawaleta wote watatu.

Sasa kuna mama mmoja Mmeru, Mama Kaaya. Anauza mahindi na maharage soko la Ngaramtoni, na ni mwalimu wa kwaya kanisani kwao. Ana gari aina ya Noah ambalo siku za kawaida linabeba magunia na siku za misiba linabeba kwaya. Huku msiba wa Wakristo ukiwa na mwili unaotoka hospitali kwenda nyumbani mlimani, gari la kwaya linatangulia mbele taratibu, linapiga wimbo waliourekodi wenyewe, na nyuma yake linakuja jeneza na watu wote. Ni jambo wanaloliheshimu sana. Nimewahi kuwaona watu wa sokoni wakiacha kupima mahindi, wakasimama mpaka msafara upite.

Alikuja akiwa amechoka na maneno ya mafundi. Tayari alishauziwa kidude cha kuchuja.

"Fundi, wimbo wetu unaanza pole pole, sauti ya tatu peke yake," akaniambia. "Sasa tukifika kwenye kupanda mlima, huyo mdudu wenu anaimba kutushinda. Wafiwa wanageuka wanatuangalia. Nitawaambia nini?"

"Mama, niachie gari mpaka jioni."

"Wenzako nao walisema mpaka jioni."

Lakini jioni ile kweli nilimpata mdudu. Waya wa hasi wa amplifaya, ule unaofungwa kwenye bodi ya gari, ulikuwa umefungwa nyuma ya kiti mahali palipowahi kugongwa. Chini ya nati yake palikuwa na puti, ile ya kuzibia mbonyeo, na rangi, chuma hakipo karibu. Nikakwangua kwa msasa mahali pengine mpaka chuma kikawa cheupe, nikaufunga pale. Mama Kaaya akawasha, akakanyaga mafuta, akasikiliza. Halafu akaanza kuimba pamoja na spika, kwa sauti ya chini, mkono mmoja ukipiga mapigo kwenye usukani. Hakusema asante. Aliimba mpaka wimbo ukaisha ndipo akaondoka, na mimi nilijiona mtu mkubwa.

Alipokuwa akitoka getini ndipo nikausikia tena. Wiii. Mdogo, mwembamba, lakini upo.

Mke wangu, unanijua nikishika jambo. Sikulala. Asubuhi nikampigia nikamwambia alirudishe gari, kazi haijaisha. Akalileta akicheka, akasema yeye hajawahi kupigiwa na fundi anayedai kazi yake mwenyewe ni mbaya. Akaniachia funguo. Nikakuta nyaya za muziki zimepita njia moja na waya mkubwa unaotoka kwenye betri, chini ya zulia lilelile, na hilo nalo ni kosa. Nikaondoa mazulia, nikazihamishia upande wa pili. Mlio upo. Nikabadilisha redio. Mlio upo. Mzee Massawe alikuwa amesafiri kwao Machame kwenye kipaimara cha mjukuu, hapakuwa na wa kuniambia acha. Nikawaza labda ni alteneta, ile mashine inayochaji betri, nikaifungua. Kufikia Ijumaa Noah ya watu haikuwa na viti, haikuwa na zulia, na injini ilikuwa nusu iko mezani. Na Jumamosi walikuwa na msiba.

Nilijua kuhusu msiba. Mama Kaaya aliniambia nikamwitikia. Nilisema moyoni kwamba siwezi kuwapa watu gari linalolia mbele ya jeneza, bora nimalize kabisa. Jumamosi asubuhi alipokuja kulichukua akakuta nimelala chini ya dashibodi, miguu nje. Alisimama pale akaangalia viti vyake vilivyopangwa ukutani. Akageuka akaondoka. Walikodi pikapu la mchanga, kwaya ikasimama nyuma na sare zao nyeupe, bila spika wala ule wimbo wao waliourekodi, na aliyekuwa anazikwa ni mama mzazi wa mwenzao anayeimba sauti ya kwanza.

Siku mzee aliporudi, Mama Kaaya naye alifika. Nilikuwa nimeshavirudisha viti vyake na injini, kila kitu kipo mahali pake, isipokuwa mlio haukutoka. Nilimwambia hivyo hivyo, mbele ya mzee. Nilisema nimebadilisha kila kinachobadilishika na mlio ungalipo, kwa hiyo tatizo ni gari lenyewe.

Mama Kaaya hakupandisha sauti. "Washa," akasema.

Nikawasha. Akaingia akakaa, Mzee Massawe akainamisha kichwa dirishani. Nikakanyaga mafuta.

"Mimi sisikii kitu," akasema mzee.

"Upo, mzee. Sikiliza kwa juu, juu kabisa."

Mama Kaaya alifumba macho. "Nafundisha sauti nne," akasema. "Mtu mmoja akipotea mstari wa nyuma namjua kwa jina. Hapa hakuna kitu, fundi."

Nilikasirika, Mama Salma. Nilidhani wameamua kunichoka, wanataka niseme kazi imeisha ili gari liondoke. Nikamwambia mzee kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kutokubali kazi nusu. Alizunguka akaja upande wangu.

"Zima injini."

Nikazima.

"Bado?"

"Bado."

"Zima redio. Toa funguo kabisa."

Nikatoa.

"Bado?"

"Bado upo, mzee, lakini..."

Alichukua spana namba kumi mwenyewe, mzee wa miaka yake, akafungua boneti akalegeza kichwa cha betri, akakiinua akakishika mkononi mbali na betri. Gari zima likawa chuma tu, halina umeme hata wa kuwasha taa ya mlango. Akaniangalia.

"Na sasa, Athumani?"

Mlio ulikuwepo. Palepale. Na ndipo nikaona kitu nilichotakiwa kukiona tangu mwanzo, kitu ninachomuuliza kila mteja kabla sijashika bisibisi: je, ukikanyaga mafuta unapanda? Huu wangu haukuwahi kupanda. Haukuwahi kushuka. Siku zote zile nilikuwa nakanyaga mafuta na kusikiliza, na sikuwahi kujiuliza kwa nini haufuati mguu wangu. Nilikuwa na uhakika sana na masikio yangu kiasi kwamba sikuyaweka kwenye orodha ya vitu vya kupima.

Mzee aliona usoni mwangu. Mama Kaaya naye aliona. Alishuka kwenye gari akaniwekea mkono begani.

"Pole, mwanangu," akasema. Kisha akasema, "Na kile kiti cha katikati umekifunga kimegeuka, nirudishie vizuri."

Nikakirudisha. Nati zake nilizikaza mara mbili.

Nilikwenda hospitali peke yangu, sikutaka kusindikizwa. Wanakuingiza kwenye kachumba kadogo, wanakuvalisha vitu vya masikioni, wanakupa kitufe: ukisikia sauti, bonyeza. Mwanzoni zilikuja nene nikabonyeza, nikabonyeza, nikajiona mwanafunzi hodari. Halafu pakawa kimya. Nikasubiri. Nikadhani mashine imeharibika, nikamwangalia dada wa mashine kupitia kioo nimwashirie, nikamwona yeye anaendelea kubonyeza vyake. Zilikuwa zinakuja, mke wangu. Mimi ndiye sikuwa nazipata.

Daktari ni binti mdogo, ananiita kaka. Akauliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nafunga sabufa, yale maspika makubwa ya besi, na kwamba nayajaribu nikiwa nimekaa ndani ya gari na vioo vimepandishwa, maana ndivyo unavyojua kama kitu kinatikisika. Akaandika. Akasema zilizopotea hazirudi. Zilizobaki zinaweza kutunzwa nikikaa mbali na kelele. Mlio unaweza kupungua au usipungue, watu wanauzoea. Kuna vifaa vya kuvaa sikioni vinavyosaidia. Alieleza kwa upole, akisogea mbele ili nimwone mdomo, na mimi nilikuwa namchukia kwa kila neno ingawa hakunikosea lolote.

Nikamuuliza jambo moja tu, kama nitaweza kusikia watoto. Akasema, "Wa karibu, mkiwa mnatazamana, utawasikia. Usiwaache waongee na wewe wakiwa chumba kingine."

Nilicheka. Chumba kingine. Wangu wako Tunduru.

Na hapa nina jambo ambalo nimelizunguka kuliko yote. Rashidi alinitumia sauti ya Yasini, unakumbuka, ile mliyomrekodi anahesabu kuku na kuwataja majina. Nilipoondoka mtoto yule alikuwa hajasema neno. Nimeisikiliza mpaka simu ikapata moto. Nasikia wewe unacheka kwa mbali, nasikia jogoo, nasikia kitu kama pumzi. Maneno yake hayapo. Basi nikaiunganisha simu kwenye amplifaya ya gereji, sauti nikaiweka chini ili nisiumie, nikashika mita yangu ya umeme nikaigusisha kwenye nyaya za spika. Namba zikawa zinaruka. Anasema, zinapanda, ananyamaza, zinalala, anasema tena. Nikaweka kiganja kwenye ngozi ya spika, ikawa inanigonga kidogo kidogo. Nimemwona mwanangu akizungumza, Mama Salma, na nimemshika akizungumza, lakini kumsikia sikumsikia. Nililia pale pale, na Joeli, fundi mwenzangu, akajifanya anatafuta kitu chini ya gari.

Kuhusu kazi. Chumba cha Engutoto amepewa Joeli. Mzee Massawe aliniita akanieleza uso kwa uso, hakunipitishia kwa mtu. Akasema duka lile ni la kusikiliza, na hawezi kuniweka mahali pa kumaliza masikio yaliyobaki, Mungu atamuuliza. Amenipa upande wa taa, betri na alteneta, kazi za mita. "Namba hazihitaji sikio," akasema. Nimemshukuru, na baada ya hapo nikatoka nikatembea mpaka barabara ya lami na kurudi, nikatembea tena, kwa hasira ambayo siijui ni ya nani. Joeli ni kijana mzuri, ananiletea gari linalolia ananiuliza nipime wapi, nami namwonyesha. Ananiambia, "Kaka, umeisha," yaani mlio umeisha, na mimi namwamini kwa sababu sina njia nyingine. Hilo la kuamini masikio ya mtu mwingine bado halijanikaa vizuri.

Kwa hiyo ile ahadi ya kuwaleta kwenye chumba cha Engutoto imekufa. Nyingine ya kuweka mahali pake bado sina. Naweza kubaki hapa na mita yangu, mkaja, tukaishi Olasiti kwenye chumba changu ambacho kina dirisha linaloangalia ukuta. Naweza kurudi Tunduru, maana huko sola zimejaa na pikipiki zimejaa na zote zinaharibika nyaya. Nikiamka nimeamua kurudi, nikinywa chai nimeamua kubaki. Peke yangu sitaamua, na hilo ndilo lililonichosha kuliko mlio.

Ninalokuomba ni dogo na ni kubwa. Usiende kwa wazazi wako kabla hujapima haya. Umeolewa na mtu anayesikia, sasa unaambiwa ni mtu wa kuambiwa mara mbili mbili, ambaye utamwita kutoka jikoni na hatageuka, na watu watasema ana kiburi. Watoto watajifunza kunivuta shati kwanza ndipo waseme. Utachoka, najua utachoka, hata sasa wewe si mtu wa kurudia maneno. Sitaki ubaki kwa kunihurumia. Lakini nataka ubaki, na hilo naliandika bila aibu, sijui nikuambieje zaidi ya hapo.

Nisalimie mama mkwe, mwambie namwomba radhi kwa lile jibu, na asile pilipili. Msalimie baba mdogo, aliyetunza mikorosho yetu. Mwambie nikifika nitampogolea mwenyewe ule wa kando ya kaburi la babu. Mwalimu wa madrasa wa Salma msalimie sana. Rashidi mwambie ulimi wake wakati huu umefanya kazi njema. Somoe naye msalimie, mwambie mke wa Kichaga anamsalimia. Salma mwambie baba yake anajua anasoma juzuu ya pili. Yasini mbusu hapo kwenye shavu lenye kovu la kuku.

Wasalaam. Ni mimi mumeo,
Athumani, Baba Salma.

Nilikuwa nimeshafunga barua, nimeifungua tena.

Kuna dereva wa lori la vitunguu anayeshuka kusini, alikubali kuifikisha kwa Rashidi. Leo asubuhi nilikwenda kumpa. Alikuwa anaangalia matairi, nikamnyooshea bahasha, akaishika, na mkono wangu haukuiachia. Akaniangalia akadhani ni utani. Niliwaza utaisoma peke yako jikoni, utakasirika pale pa kukasirika, utalia pale pa kulia, halafu utachukua simu ya nyumba uniite, na mimi nitakusikia unazungumza bila kujua umesema nini. Jibu la jambo kama hili nilipokee kwa "sawa, vizuri"? Nikamwambia dereva anisubiri nikaombe ruhusa.

Mzee Massawe ameniruhusu. Mama Kaaya aliposikia amenifungia maharage, ni yako. Ninakuja kwenye lori hilo hilo, nimeziba masikio kwa pamba kama daktari alivyosema, na barua hii iko mfuko wa shati. Nimeamua nisianze kuongea nikifika. Nikianza kuongea nitaruka nusu, hasa ile ya Yasini. Nitakusalimia, nitawasalimia wazee, halafu nitakupa karatasi hizi usome.

Kwa hiyo ukifika mstari huu, mimi niko hapo mbele yako, nimekaa nikijifanya naangalia kuku. Ulitaka nikueleze kwa kinywa na nimeshindwa, nimekuletea mwandiko wa mkono wangu. Lakini wewe usiniandikie. Inua uso, ningoje nigeuke, unitazame, kisha useme polepole ulichoamua, hata kama ni kuondoka. Nataka kukisikia.